Kwa Baiskeli Hell's Gate

Akina mama kumi na wawili tulikodi baiskeli karibu na lango la Elsa, Naivasha, yapata kilomita 90 kutoka Nairobi. Baadhi yetu hatukuwa tumepanda baiskeli tangu tuolewe! Hell's Gate, iliyofanywa hifadhi mwaka 1984, ni mojawapo ya hifadhi chache za Kenya ambamo mgeni huruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya wanyama.

Tulipita mwamba mrefu uitwao Fischer's Tower, pundamilia na twiga wakitutazama. Tulikubaliana mwenye mwendo wa polepole ndiye atangulie, asiachwe mtu nyuma, maana nyati nao wamo.

Adhuhuri wingu jeusi likatanda. Tulitamani sana kuteremka korongo la Ol Njorowa, lakini tukakumbuka kwamba mwaka 2012, na tena 2019, mafuriko ya ghafla yaliua watu humo. Mvua huweza kunyesha mbali, nawe uliye chini usione hata tone. Wachache walinung'unika; tukageuza baiskeli.

Mama mwenzetu, ukienda, chukua maji ya kunywa na uwaulize askari wa hifadhi habari za mvua. Korongo halihami, na watoto wanakungoja nyumbani.