Jina Likishachongwa: Tuliyojifunza Dukani Kwetu Omurushaka

Leo hatuzungumzii piko wala pilau ya harusi. Tunazungumzia vibao.

Sisi ni mawifi wawili. Mmoja kazaliwa Unguja, mwingine ni Mnyambo wa hapa hapa Karagwe. Tuna fremu moja Omurushaka, na humo tunatengeneza vibao vya maduka, mihuri, ngao za mashindano ya shule na zawadi za harusi zenye majina. Wateja wanatoka Kayanga, na wengine wanakuja kutoka Kyerwa: Nkwenda, Isingiro, Kaisho, mpaka Murongo kwenye mpaka wa Uganda. Ndugu wa visiwani wakituuliza tumefikaje huku, tunawajibu kwamba sisi si wa kwanza. Karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu waliotoka pwani walikuwa na kituo Kafuro, humu humu Karagwe, na Stanley alipopita mwaka 1876 aliwakuta. Wala wenyeji hawakungoja pwani iwaletee ufundi. Mafundi wa Karagwe walikuwa wakifua ng'ombe wadogo wa chuma.

Lakini tulichotaka kuwahadithia ni siku tuliyoharibu kazi ya watu.

Ilikuwa Alhamisi moja ya Agosti, pesa za kahawa zimeingia mifukoni na harusi zimepamba moto. Kijana alikuja kutoka Nkwenda kuchukua zawadi yake: marufaa ya mbao ya kuwekea msahafu, yenye jina la mchumba wake. Nikaha ilikuwa kesho yake baada ya sala ya Ijumaa. Akaifungua, akaisoma, akanyamaza. Jina la bibi harusi huanza na R. Sisi tulichonga L.

Kwa Kinyambo sauti hizo mbili hazitenganishwi kama katika Kiswahili. Jina moja utalikuta kwa R kwenye cheti na kwa L kwenye simu ya mtu. Oda ile tuliichukua kwa simu, tukaandika tulivyosikia.

Tulimwomba radhi. Mmoja wetu akashauri tujaze ile herufi kwa unga wa mbao na gundi, tuchonge juu yake, tupake vanishi. Nani angejua? Mama, ambaye ni mzazi wa mmoja wetu na mkwe wa mwingine, alikuwa amekaa pembeni akimenya ndizi. Akasema, "Wanangu, binti wa watu atafungulia Qur'ani hapo miaka yote. Kila akisoma atakiona kiraka chenu."

Tukaanza upya. Umeme ulikatika saa mbili usiku, ukarudi saa sita. Tulimaliza kabla ya adhana ya alfajiri, na ile mbao ya pili hatukumtoza hata senti.

Tangu usiku ule tunajua kwamba kazi hii yote iko kabla ya kuchonga. Rangi unaweza kuifuta, stika unaweza kuibandua, ila kilichochongwa kimechongwa. Kwa dada anayefikiria kufungua duka kama letu, taratibu zetu ni hizi.

Jina liandikwe na mwenyewe. Tunalo daftari la oda. Mteja anaandika jina kwa mkono wake, au anatuma picha ya cheti. Kisha tunachapa mfano kwenye karatasi, anausoma herufi kwa herufi, anatia saini. Mashine haiwashwi bila saini. Muhuri wa mpira huchongwa kinyume, basi huo tunausomea kwenye kioo.

Maandishi ya Kiarabu yana hatari yake. Baadhi ya programu za kuchorea huzitenganisha herufi zinazotakiwa kushikana, au huzigeuza zikaanzia kushoto. Ukiona Bismillahi imekatikakatika, usiseme "watu hawatajua". Tunampelekea ustadhi karatasi kwanza, akiridhia tunaigeuza kuwa picha ndipo tunachonga.

Kibao kisomeke kutoka barabarani. Kipimo tunachokitumia ni herufi ya sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Anayetakiwa kusoma akiwa mita 30 anahitaji herufi ya sentimita 25. Mteja atataka uandike kila anachouza, kuanzia sukari hadi misumari. Mshauri aweke jina na bidhaa kuu tu. Vumbi letu ni jekundu, kibao cheupe kilicho chini kinakuwa cha kahawia kabla msimu haujaisha. Rangi nyekundu nayo huwahi kupauka juani.

Ijue mali yako. Mashine ya leza ya kukatia mbao na akriliki haichongi chuma kitupu. Usimwahidi mtu kumchorea sufuria kabla hujajua mashine yako inaweza nini. Na usichome kamwe plastiki ya PVC kwa leza: hutoa gesi yenye klorini, inayochoma mapafu na kuozesha mashine. Kama muuzaji hajui ni plastiki gani, usinunue. Dirisha liwe wazi, feni ya kutolea moshi iwake, watoto wakae mbali.

Arubuni kwanza. Mali nyingi inatoka mbali, hivyo tunachukua nusu kabla ya kuanza. Kwenye bei tunahesabu mali, umeme, nauli, muda wetu na kipande kitakachoharibika, maana kitaharibika tu. Huku watu wana pesa kahawa ikiuzwa. Miezi mingine tunaishi kwa mihuri ya vyama vya msingi na vibao vya shule. Cha msimu tunakiweka, hatukimalizi kwenye vitenge.

Kuna jambo moja zaidi, na hili ni zito. Mwezi mmoja kodi ya fremu ilikuwa imetufika shingoni. Akaja mtu anataka muhuri wa ofisi ya kijiji. Barua hana. Bei aliyoitaja ingelipa fremu miezi miwili. Tulitazamana, na hatutawadanganya: tulitamani.

Huku kwetu kibanja cha migomba huuzwa kwa karatasi yenye muhuri. Muhuri bandia mmoja unaweza kumtoa mjane kwenye nyumba aliyozalia watoto wake. Tukamkumbuka Mtume (s.a.w.). Alipotaka kuwaandikia wafalme aliambiwa kwamba hawasomi barua isiyo na muhuri, akafanya pete ya fedha yenye jina lake na utume wake, na akawakataza watu wasichore maneno kama yale kwenye pete zao. Muhuri ni ulimi wa mwenyewe. Tukamwambia yule mtu alete barua ya ofisi, hakurudi tena. Kodi tuliilipa kwa kuchelewa, baada ya kumbembeleza mwenye nyumba. Alhamdulillah, usiku tulilala.

Na wewe bi harusi unayetaka zawadi au kibao cha ukumbini chenye majina yenu, agiza mapema, si wiki ya harusi. Leta majina yalivyo kwenye vyeti, na tarehe zote mbili, ya Hijria na ya kawaida, umeshazihakikisha. Jina la Allah usiliweke kwenye kitu kitakachokanyagwa au kuoshwa na masufuria. Mfano wa karatasi ukiletewa, usome kwa utulivu, na mama yako naye ausome.

Ile marufaa yenye L hatukuitupa. Iko mezani dukani, na daftari la oda linakaa juu yake. Mteja akiuliza kwa nini jina limekosewa, tunampa kalamu kwanza aandike la kwake, kisha ndiyo tunamhadithia.