Moyo Ulivyonienda Mbio Ndani ya Eda

Mume wangu alifariki ghafla, hapa Tanga, nikaingia eda. Miezi 4 na siku 10 ni mingi kwa mtu aliyezoea pilikapilika za sokoni. Mchana nilikuwa na mawifi, shangazi na majirani. Usiku ndio uliokuwa mtihani.

Lilianza tumbo. Chakula hakishuki. Kisha kichwa, kisha mabega yakakaza. Sikulia, maana nilitaka wanangu wamwone mama yao yu imara.

Usiku mmoja nikaamka kifua kimebana. Moyo mbio. Napumua, pumzi haitoshi. Vidole vikafa ganzi. Midomo nayo. Nikajua ndiyo zamu yangu. Wanangu jamani: juzi baba, leo mama? Nataka kuita, sauti haitoki. Nikatoa shahada kimoyomoyo. Dada alikuwa amelala mkekani, akashtuka, akanikumbatia. “Nipo, mdogo wangu. Nipo.”

Kulipokucha tukaenda hospitali. Eda haimzuii mtu kutafuta tiba. Wakapima presha, sukari, damu, wakanibandika nyaya kifuani kuangalia moyo. Sina ugonjwa. Nikarudi na hofu zaidi: kama si moyo, ni nini? Wengine wakasema jini. Wengine, najidekeza.

Ikaja tena. Na tena. Ikawa magharibi ikiingia naanza kutetemeka.

Daktari mwingine ndiye aliyeniuliza, “Mama, umefiwa?” Nikalia hadi nikaloa. Akanieleza kuwa hofu na majonzi huufanya mwili umwage homoni ya adrenalini, moyo ukaenda mbio ilhali wenyewe ni mzima. Nawe ukihema harakaharaka, hewa ukaa hupungua mno katika damu. Ndiyo ile ganzi. Maumivu ni ya kweli, akasema, huyaigizi. Akanifundisha kuvuta pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi, akanielekeza na kwa mtoa ushauri nasaha.

Alhamdulillahi, sasa nalala. Ila siku moja moja kifua hunibana, nikaganda. Hushika tasbihi, nikapumua na kila punje, hadi hali hiyo ipite.

Wewe unayepitia haya leo, kifua kikiuma usibahatishe, kapimwe kwanza, kwani moyo nao huugua kweli. Na ukikaa mbele ya daktari, mtajie na msiba wako. Mimi, daktari yule asingeniuliza, nisingesema.