Saa Kumi ya Nani?

Msimuliaji akisema "Paukwa!", hakuna anayemuuliza ruhusa ya kulitumia neno hilo kaipata wapi. Wasikilizaji wanaitikia "Pakawa!" na hadithi inaanza. Mlango huo ulishachongwa zamani na mtu tusiyemjua. Kila msimuliaji anaupachika kwenye nyumba yake. Sisi tunaoandika programu za kompyuta tunaishi hivyohivyo. Sehemu kubwa ya kazi yetu ni milango ya watu wengine.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1968, kwenye mkutano uliofanyika Garmisch, Ujerumani, Doug McIlroy alitaka programu zijengwe kwa vipande vilivyo tayari, kama fundi anavyochagua vipuri kwenye orodha ya kiwanda. Leo vipande hivyo vimejaa mtandaoni, vingi ni vya bure, na unakichukua unachokitaka kwa amri moja. Lakini ukishakitoa cha kwako, kinabaki chako kwa kiasi gani?

Mimi ninacho kimoja, mistari isiyofika arobaini. Unakipa saa kama kompyuta inavyoihesabu, kuanzia usiku wa manane, nacho kinakurudishia saa kama tunavyoitaja sisi. Ukikipa 07:00 kinajibu "saa moja asubuhi". Ukikipa 20:30, "saa mbili na nusu usiku". Hakuna uchawi: unatoa sita, unarekebisha ukitoka nje ya 1 hadi 12, kisha unachagua neno la wakati. Nilikiweka mtandaoni kwa leseni huria, yeyote achukue, nikaendelea na maisha.

Kumbe kwenye hesabu hakuna shida. Shida iko kwenye lile neno la wakati.

Dada mmoja aliniandikia. Anatumia kipande changu kwenye ujumbe wa simu wa kuwakumbusha wagonjwa dawa za kila saa nane: 04:00, 12:00 na 20:00. "Kaka," akasema, "hiyo saa kumi usiku inatutesa." Ujumbe ukisema "Ijumaa saa kumi usiku", wengine wanaelewa ni kabla Ijumaa haijapambazuka, wengine wanasubiri mpaka jua la Ijumaa lizame. Tena kwa hesabu ya wazee wetu wengi siku huanza magharibi, kwa hiyo hata usiku wa Ijumaa wenyewe una mabishano. Aliomba neno moja tu: alfajiri. Ukisema "Ijumaa saa kumi alfajiri" hakuna wa kubishana nawe.

Nikaona ni jambo dogo. Kabla sijaligusa nikawatangazia wanaokitumia, na kaka mmoja akajibu upesi: tafadhali usiguse. Programu yake inalitafuta neno "usiku" ili ijue malipo ya zamu ya usiku yanaanza na kuisha wapi. Nikibadilisha, walinzi wake watakatwa masaa na hakuna atakayejua kwa nini.

Upande mmoja dozi, upande mwingine mshahara, na mimi katikati na neno langu.

Wenzangu wanaikumbuka Machi 2016. Azer Koçulu, baada ya mvutano kuhusu jina la kipande chake kimoja, aliondoa vipande vyake zaidi ya 250 kwenye npm, ghala la waandishi wa JavaScript. Kimojawapo kiliitwa left-pad, mistari 11, kazi yake kujaza nafasi upande wa kushoto wa maneno. Programu nyingi zikagoma kujengwa, kwa kuwa zilitegemea kipande kilichotegemea kingine kilichotegemea hicho. Ghala likalazimika kukirudisha. Wengi walicheka: eti mistari 11! Mimi naona alikuwa na haki ya kuondoka na cha kwake, na waliokitegemea walikuwa na haki ya kushtuka. Haki hizo mbili hazikai vizuri kwenye kiti kimoja.

Kwa bahati, ufundi wetu una desturi ya namba. Kila toleo la kipande hubeba namba tatu, na namba ya kwanza ikipanda, maana yake: angalia, kuna jambo limevunjwa. Basi nikatoa 2.0.0 yenye alfajiri, nikaandika juu kabisa kilichobadilika na sababu yake. Toleo la kwanza nimeliacha palepale. Aliyetulia nalo hajaguswa, na walinzi wanalipwa. Gharama ni kwamba sasa nina watoto wawili wa kulea, na kosa likionekana ndani ya hesabu nitalirekebisha mara mbili.

Ninachokionea wivu kwa msimuliaji ni kwamba akibadilisha neno, amebadilisha kwa usiku ule tu, kwa waliokaa mbele yake. Mimi wasikilizaji wangu siwaoni. Najua wapo pale tu mmoja anapoumia na kuandika.

Wiki iliyopita ameandika mwingine, kutoka Kenya. Anasema 19:00 kwao ni saa moja jioni, wala si usiku kama nilivyoandika. Sijamjibu bado. Nataka kwanza kuwauliza wanaokitumia huko: wanasemaje wao?