Majirani Wenye Mabawa

Mtu anayehamia Kitengela hufunzwa adabu na mwewe kabla hajazijua njia za mji. Akitoka kwa muuza nyama, kipande cha nyama choma kimo mkononi, hugutushwa na upepo wa mabawa. Mara kipande hakipo, naye amebaki na karatasi yenye mafuta huku watoto wakicheka. Mwizi huyo hakuna askari wa kumkamata.

Penye machinjio hukaa korongo mkubwa mwenye kipara na mfuko wa ngozi shingoni. Yeye hanyakui. Husimama kimya kama mzee aliyeitwa barazani mapema mno, akingoja matumbo yatupwe.

Lakini anayechekesha zaidi, hasa watu wa ofisini, ni ndege wa mbuga za Kajiado ambaye naye huitwa karani. Kisogoni ana manyoya marefu mfano wa kalamu zilizochomekwa sikioni, na mapaja yake ni meusi kana kwamba amevaa kaptula. Hutembea kwa miguu mchana kutwa kama aliyetumwa kupeleka barua. Akimwona nyoka, barua husahauliwa: humpiga mateke ya kichwa, kwa nguvu ipatayo mara 5 ya uzito wake mwenyewe.

Wa nne ni shashi, apandaye mgongo wa ng'ombe bila nauli ili ale kupe. Wafugaji humsifu, ingawa huchokora vidonda na kunywa damu. Ni mtumishi anayejikatia mshahara mwenyewe.

Mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Majirani hawa walilishika zamani bila kuambiwa. Mwewe na korongo huondoa uchafu, karani hupunguza panya na nzige, shashi hulinda mifugo. Binadamu amewalipa vibaya. Katika karne ya 20 dawa kali za majosho ziliwaua shashi wengi Afrika. Mizoga iliyotiwa sumu kwa ajili ya simba na fisi imewaangamiza tai na ndege wengine nchini Kenya, ambao hawakuwa na hatia yoyote. Mwaka 2020 karani aliingizwa katika daraja la viumbe walio hatarini kutoweka duniani. Yeye huishi penye nyasi wazi. Lakini mbuga iliyo kusini ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, imekatwakatwa viwanja na kuzungushiwa seng'enge.

Basi aliyeliwa ndama asikimbilie sumu, maana sumu haichagui. Afadhali aimarishe boma. Na mwenye shamba kubwa auache walau mgunga mmoja usimame na nyasi zake, kwa kuwa juu ya miti kama huo ndipo karani hujenga kiota. Ofisi yake ni hiyo tu, wala hana nyingine ya kuhamia.