Imani Haikatazi Rula

Usharika ulipotutuma Kariakoo kununua vifaa vya kompyuta ndogo ya ofisi, tulikwenda na rula. Mazabodi ya aina ya Mini-ITX ni sentimita 17 tu kila upande, na prosesa hukaa karibu sana na ramu. Kipozeo cha prosesa, pamoja na feni yake, kikiwa kipana hugonga ramu. Kikiwa kirefu, mfuniko wa kasha haufungi. Feni ikikosa nafasi ya kuvuta hewa, kwa joto la Dar es Salaam, kompyuta hupunguza kasi au hujizima.

Muuzaji alitutia moyo: “Baba Mchungaji, amini tu, kitaingia.” Tukapima toka juu ya prosesa hadi usawa wa mfuniko. Kilizidi milimita tano. Tukachukua kifupi zaidi.

Fedha ile ilikuwa sadaka, nyingine ya mama anayeuza mchicha. Katika Luka 14, Bwana Yesu anamtaja mjenzi wa mnara anayeketi kwanza kupiga hesabu. Wapendwa, kumwamini Mungu si kubahatisha kwa fedha za wengine. Tupime, ndipo tulipe. Hiyo nayo ni ibada.