Tanzia: Ofisa Msomi wa Kupangiwa, Sumbawanga

Ofisa msomi wa kupangiwa, yule aliyepewa kituo kwa barua akafika Sumbawanga juu ya lori na sanduku la bati, godoro na vitabu vyake, amefariki. Hakuuawa na sheria moja wala na mtu mmoja. Kule China, ambako kaka yake wa mbali aliishi miaka ipatayo 1,300, wanayo tarehe ya msiba: Septemba 1905 dola la Qing lilifuta mitihani iliyokuwa ikichagua maofisa tangu enzi za Sui, na mwanazuoni aliyetaka utumishi akafungiwa mlango. Wa kwetu alidhoofika taratibu kuanzia miaka ya 1990. Kwa kuwa halikutolewa tangazo lolote, hakuna aliyemlilia hadharani. Mimi namlilia.

Babu zake ni wengi. Kabla ya Wajerumani, watawala wa Nkansi na Lyangalile, falme za Ufipa, nchi inayoizunguka Sumbawanga, walikuwa na watumishi wao waliozunguka vijijini kukusanya kodi ya mwene, na kumbukumbu zote zilikaa kichwani. Joseph Thomson alipopita Ufipa mwaka 1880 alikuta utawala uliokwisha kukomaa, si kichaka kilichosubiri kufundishwa kutawaliwa. Kisha Wajerumani wakajenga boma Kasanga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, wakapaita Bismarckburg, na pamoja nao akaja karani wa kwanza wa Kiswahili, mwenye kalamu na daftari. Waingereza waliitwaa Kasanga mwaka 1916. Miaka kumi baadaye, chini ya gavana Donald Cameron, serikali ilipoamua kutawala kupitia machifu, kila baraza likahitaji mtu wa kuandika kesi, kuhesabu kodi na kukata stakabadhi. Mabwana wa Kiingereza waliandika kitabu cha wilaya na kutia saini zao. Maelezo waliyoyaandika yalipitia kinywani mwa makarani na wakalimani ambao majina yao hayakuwekwa.

Alifika utu uzima baada ya Uhuru. Mwaka 1963 utemi ulifutwa kisheria, mwaka 1972 Madaraka Mikoani yakawatoa wataalamu Dar es Salaam, na mwaka 1974 Mkoa wa Rukwa ukazaliwa, Sumbawanga ikawa makao makuu yake. Mkoa mchanga ulitaka watu: afisa elimu, mhasibu, hakimu, mganga wa wilaya, bwana shamba, bwana mifugo, bibi maendeleo. Wote walikuwa wamechujwa na mtihani. Mtoto wa mkulima alifanya mtihani wa darasa la saba, akachaguliwa sekondari ya bweni mbali na kwao, akafanya wa kidato cha nne na cha sita, akapita JKT, akaingia chuo, na siku ya kuhitimu kazi ilikuwa ikimsubiri. Hakuiomba. Alisoma jina lake na kituo chake kwenye orodha, akaenda.

Kwa hiyo Mhaya alikuja Laela, Mchaga akaja Namanyere, na kijana wa Kifipa aliyetoka Kaengesa au Kantalamba akapelekwa Mtwara. Wachina waliliwekea jambo hili sheria kali kabisa: ofisa haruhusiwi kutumikia jimbo alikozaliwa, asije akaamua kesi ya shangazi yake au kumsamehe kodi mjomba. Muda wake ulikuwa kama miaka mitatu, kisha anahamishwa kabla hajaota mizizi. Kwetu nia haikuwa ileile. Sisi tulikuwa tunaunganisha nchi, na naamini kwamba hakuna kazi aliyoifanya ofisa huyu iliyoshinda hiyo. Mtu aliyelelewa kando ya Ziwa Victoria alijifunza baridi ya Juni ya Ufipa, ugali wa ulezi na migebuka ya Kirando. Mama mjamzito wa Muze, akipandishwa kwa machela kwenye mteremko wa Lyambalyamfipa, alipokewa na mkunga asiyejua neno la Kifipa, nao wakaelewana kwa Kiswahili.

Ni kweli kwamba wengi walikuja wakilia. Barua yenye neno Sumbawanga iliogopwa maofisini nchi nzima. Watu walitaja uchawi, wakataja mbali, wakataja barabara ya kutoka Tunduma ambayo masika iliweza kulilaza basi matopeni usiku kucha. Hofu hiyo haikuanzia kwetu. Han Yu, aliyemkosoa mfalme kwa waraka, alitupwa Chaozhou mwaka 819, kusini kabisa kwenye homa na mamba. Su Shi, mshairi mkubwa wa enzi ya Song, alipelekwa Huangzhou mwaka 1080, akalima mwenyewe kipande cha ardhi cha mteremkoni ili wanawe wale, na alipozeeka alisukumwa hadi kisiwa cha Hainan mwaka 1097. Huko aliwafundisha vijana wa kisiwani, na hadi leo watu wa Hainan wanamheshimu kuliko waliomfukuza.

Tofauti ni kwamba Rukwa haikuwa adhabu, ingawa wakubwa fulani waliitumia hivyo. Kulikuwa na kazi ya kweli, tena ya akili. Chukua intumba, kilimo cha Wafipa cha vichuguu vya udongo. Mvua zikiwa bado zinanyesha na majani yakiwa mabichi, Mfipa huyageuza pamoja na udongo wake akayafukia katika vichuguu, akapanda maharage juu. Msimu unaofuata vichuguu hubomolewa, mbolea husambazwa, ulezi hupandwa. Ni elimu kamili ya udongo, iliyobuniwa kwenye uwanda wenye ardhi isiyo na rutuba nyingi. Kuna mabwana shamba waliofika na vyeti vyao wakaona nyasi zilizorundikwa tu, wakaamrisha matuta yaliyonyooka. Kuna wengine waliochuchumaa shambani, wakauliza, wakaandika. Hao wa pili ndio ninaowaombolezea. Mahindi ya Rukwa, yaliyouweka mkoa huu pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma katika ile minne mikubwa ya chakula, yalihitaji mbolea na bei ya serikali, lakini yalihitaji pia mtu aliyekaa mahali pamoja misimu ya kutosha kujua maji yanatuama wapi.

Nisimpambe marehemu. Saini yake ipo pia kwenye amri zilizoumiza. Operesheni ya kuwakusanya watu vijijini ilipofika, ilikuta watu ambao tangu zamani waliishi pamoja katika vijiji vikubwa, na ofisa aliyeuliza kabla ya kuandika angeliona hilo kwa siku moja. Baadhi hawakuuliza. Walijiona wao ndio serikali, wakasimama barazani na kuwaita wazee wenye mvi kwa majina yao matupu. Elimu iliwapa cheo kabla ya kuwapa adabu, na Ufipa, ambako heshima ya salamu ni jambo zito, haikusahau.

Lakini alikuwa msomaji, na hapo ndipo alipokuwa ndugu halisi wa yule wa China, ambaye alitahiniwa kwa vitabu vya kale na kutarajiwa kutunga shairi kama anavyoandika hukumu. Tunaye wa kwetu aliyewazidi wengi: Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, akatumikia Pangani, Mpwapwa na Tanga, na baada ya saa za kazi akaiandika nusu ya fasihi tunayojivunia. Sheikh Amri Abedi alikuwa mtaalamu wa kanuni za ushairi, na alifariki mwaka 1964 akiwa waziri. Ofisa wa kawaida wa Sumbawanga hakufikia hapo. Alichoweza kuandika vizuri ni dokezo: aya tatu ndani ya jalada, kwa mkono, zenye historia ya jambo, maoni yake na pendekezo, ili atakayemrithi kiti asianze na ujinga.

Ugonjwa ulianza pale serikali ilipokosa fedha na kusitisha ajira ya moja kwa moja kwa wahitimu. Ukazidi nyumba za serikali zilipouzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa sababu ofisa asiye na nyumba kituoni ni mgeni wa kila siku. Leo kazi huombwa mtandaoni na usaili hufanywa na Sekretarieti ya Ajira, na hilo nalikubali, maana kuomba kazi kwa hiari ni haki. Ila mara nyingi mwajiriwa mpya huripoti, na kabla hajajua njia ya Mtowisa anatafuta mtu wa kubadilishana naye kituo. Lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, baraka kubwa kwa mgonjwa na kwa mkulima, imemwezesha mtumishi kuiacha familia Mbeya. Dokezo limekuwa ujumbe wa simu, na simu ikibadilishwa, ujumbe unapotea nayo.

Ofisa wa China aliyefia kituoni alirudishwa kwao jenezani, hata kama safari ilichukua miezi. Wa kwetu wengi hawakurudi. Walijenga Chanji, Izia na Katandala, wakaoa au kuolewa Ufipa, na watoto wao wakitaniwa kwa Kifipa hujibu kwa Kifipa. Baadhi yao bado wako hai, wastaafu wenye miwani mizito, na ndani ya masanduku yaleyale ya bati wana madaftari ya ziara za vijijini, takwimu za mvua na majina ya wenyeviti wa zamani. Masjala za halmashauri haziyajui madaftari hayo. Mwenye kutaka kuyaona aende sasa, abishe hodi, aamkie shikamoo, na achukue muda wa kukaa.