Maji ya Udhu katika Nchi ya Maweni

Msafiri atokaye Mjini Unguja kwenda Kizimkazi hupita katika nchi mbili bila ya kuvuka bahari. Ya kwanza ni nchi ya udongo mzito, minazi, miembe na migomba iliyosongamana. Akishaupita msitu wa Jozani, makazi ya kima punju, na gari likakata kusini pale Kitogani, anaingia katika nchi ya maweni: mawe ya matumbawe yaliyochongoka, na udongo umejificha katika vishimo, vingine havizidi upana wa sinia.

Humo ndimo ulimo Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, ambao maandishi ya Kikufi katika kibla chake yana mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Karne zote hizo watu wamesali hapa, na wamekula. Walipanda muhogo, kunde na mbaazi mlemle vishimoni, wakaliacha konde lirudi kichaka na kupumzika, kisha wakalirejea.

Mwaka 1978 Waaustralia wawili, Bill Mollison na David Holmgren, walitoa kitabu kuhusu ukulima walioupa jina la pamakalcha: shamba liige msitu, na taka ya kiumbe kimoja iwe chakula cha kingine. Bibi wa maweni angewasikiliza kwa adabu, huku akimwaga maji ya kuoshea mchele shinani mwa mpapai wake.

Tatizo ni kwamba bibi huyo anapungua. Mboga nyingi sasa huvushwa kutoka Bara, makumbi ya nazi huchomwa moto, na visima vya pwani vikivutwa kupita kiasi huingia chumvi. Na nyuma ya misikiti mingi maji ya udhu hutiririka hadi njiani yakafanya tope.

Tuyatazame maji hayo. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, yafuatwayo na wengi katika mwambao wetu, maji yaliyokwisha kutumika katika udhu wa faradhi ni tohara, ila hayatoharishi tena. Kuyapeleka kwenye mti hakuna ubaya wowote. Tena hayana sabuni wala dawa ya kufulia. Tuseme waumini 50 watumie lita 3 kila mmoja kwa kila sala. Kwa siku ni lita 750. Hata hivyo mgomba usiwe kisingizio cha kuacha bomba wazi. Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa kibaba kimoja.

Penye udongo huchimbwa shimo la duara, kina cha mita moja hivi, na udongo wake hurundikwa ukingoni. Shimo hujazwa makumbi, majani na maganda ya jikoni. Ukingoni hupandwa migomba na mipapai, chini yake viazi vitamu vifunike ardhi, na maji huelekezwa katikati. Kwenye maweni jembe halipenyi, basi hupandwa kwenda juu: mawe hupangwa duara, ndani hutiwa takataka zilezile pamoja na samadi ya mbuzi iliyokwisha kuoza. Majivu tusiyatie, kwani mawe haya ni chokaa tayari. Mwani uliotupwa na bahari unafaa, ukishanyeshewa mvua ikautoa chumvi. Na wigo wa makuti usisahauliwe, la sivyo kuku watavuna kabla ya mwenyewe.

Nyumbani duara moja karibu na jiko latosha kuanzia. Msikitini kuna jambo jingine, nalo ndilo huvunja udugu: mkungu wa kwanza ukiiva, nani aukate? Ardhi ikiwa ni wakfu wa msikiti, mazao yake ni ya msikiti. Kamati na iseme hadharani, kabla ya kupanda, kama ndizi zitauzwa kwa ajili ya mafuta ya taa na mikeka au zitapikiwa futari. Ndege na wapita njia wana fungu lao pia, nalo limo katika hadithi ya Anas bin Malik iliyopokewa na Bukhari na Muslim: kila kiliwacho katika mti uliopandwa na Muislamu ni sadaka yake.

Masika huanza Machi. Makumbi huchukua muda kulainika, kwa hiyo yakusanywe mapema, kabla hayajatiwa kiberiti.